Mbegu Tunayompa Jirani

Hotuba fupi ya redioni. Somo la kusoma nyumbani: Mambo ya Walawi 14:33-45

    

Leo twataka kuzungumza juu ya viazi. Pengine mwingine atasema, "Wachungaji hawa wameacha Injili wakawa mabwana shamba." La, hatujaiacha. Lakini viazi, au waru kama wengi wetu tunavyoviita huku, ndivyo chakula cha watoto wetu, tena ndivyo karo ya shule. Jambo linaloingia katika chungu cha jirani haliwezi kuwa geni kwa Kanisa.

Kila mwenye bustani anajua kwamba taabu za mimea ni nyingi. Wako viwavi wanaojificha udongoni mchana, wakatoka usiku kukata miche ya kabichi shinani. Wako vidukari wanaokusanyika chini ya majani ya sukumawiki. Kuna baridi kali ya usiku, hasa pande za Kieni, ambayo huugandisha umande juu ya majani, na asubuhi shamba limekuwa jeusi kana kwamba limeunguzwa. Kuna pia ukungu, ule ugonjwa unaoyaharibu majani ya viazi na nyanya wakati wa mvua na mawingu. Huo si mdogo. Ndio uliovimaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa.

Lakini adui hawa wote, ndugu zangu, huonekana. Kiwavi utamkuta ukifukua udongo asubuhi. Ukungu utauona kwa macho na kuuwahi kwa dawa. Leo tunataka kumtaja adui anayejificha, naye ni mnyauko wa bakteria.

Mnyauko huanza hivi. Shamba ni zuri, majani ni mabichi. Siku moja, jua linapowaka adhuhuri, unaona shina moja limelegea kama lililokosa maji. Jioni linasimama tena, nawe unasema, "Lilikuwa jua tu." Kesho linalegea tena, na baada ya siku chache halisimami tena. Majani hunyauka yangali na rangi yao ya kijani. Ukichimba viazi vyake na kuvikata, huenda ukaona duara la rangi ya kahawia ndani, na ukivibana hutoka ute mweupe. Viazi vingine hutoa ute huo machoni, na udongo hunata hapo.

Kama una shaka, kuna njia rahisi ya kupima. Chukua glasi ya maji safi. Kata kipande cha shina lililonyauka, karibu na ardhi, kisha ukitumbukize kidogo ncha yake katika maji yale bila kutikisa. Ngoja dakika chache. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka katika shina. Jambo hili hata mtoto wa shule anaweza kulifanya mezani pa nyumbani.

Sasa ugonjwa huu hufikaje shambani? Mara nyingi hufika ndani ya mbegu. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana kiazi chaweza kuwa na ugonjwa na kisionyeshe dalili yoyote. Hasa kikitoka mahali pa baridi, juu karibu na msitu, hupendeza macho kabisa. Kikipelekwa kupandwa chini kwenye joto, ndipo ugonjwa ulioko ndani unapoamka. Ukishaingia, husafiri kwa maji ya mvua yanayoteremka, kwa udongo ulionata katika jembe, na kwa viatu vya wapita njia. Nasi twajua jinsi mashamba yetu yalivyo. Huanzia juu mgongoni yakateremka kuelekea mtoni, nayo yamegawanywa mara nyingi baina ya ndugu, huyu juu na yule chini. Mvua ikinyesha kwa ndugu wa juu, maji yake hayaulizi mpaka.

Wala hakuna dawa ya kunyunyizia itakayoponya shina lililoshikwa. Majivu hayaliponyi, na dawa ya ukungu hailiponyi. Lakini msikate tamaa, kwa maana kuna la kufanya.

Kwanza, ling'oe shina lililonyauka pamoja na viazi vyake vyote na udongo ulio karibu nalo. Litie katika gunia, udongo usidondoke njiani. Lizike katika shimo refu mbali na shamba na mbali na njia ya maji. Usilitupe kwenye lundo la mbolea, wala mtaroni, wala mtoni. Kisha osha jembe na viatu kwa sabuni kabla ya kuingia sehemu nyingine. Chimba mtaro ili maji ya mahali hapo yasishuke moja kwa moja kwa jirani.

Pili, pumzisha mahali hapo kwa viazi misimu mitatu au minne. Panda mahindi, maharagwe, minji, vitunguu, karoti au kabichi. Usipande nyanya, pilipili wala biringanya, kwa maana hizo ni za jamaa moja na viazi. Hata managu ni wa jamaa hiyo. Na viazi vinavyochipuka vyenyewe katikati ya mahindi ving'oe vyote, usiviache kwa kusema ni chakula cha bure, maana ndivyo vinavyoulisha ugonjwa.

Tatu, angalia mbegu. Ikiwezekana, nunua mbegu iliyokaguliwa. Kituo cha utafiti cha KALRO kule Tigoni kinashughulika na viazi, na KEPHIS ndilo shirika la serikali linalothibitisha mbegu. Kama huna uwezo, na shamba lako halina mnyauko, basi chagua mbegu yako wakati mimea ingali mibichi. Viazi vikianza kutoa maua, pita shambani na kuchomeka kijiti kando ya kila shina lenye nguvu na lisilo na dalili ya ugonjwa. Baada ya wiki mbili pita tena. Lile lililodhoofika, ondoa kijiti chake. Wakati wa kuvuna, chimba kwanza yenye vijiti, na viazi vyake uviweke peke yake. Desturi ya wengi ni kuvuna vyote, kuuza vikubwa, na kupanda vidogo vilivyobaki. Lakini mara nyingi vile vidogo ni vidogo kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa. Wala msikate mbegu vipande kwa kisu, kwa maana kisu kilichokata kiazi kimoja kigonjwa hukipaka ugonjwa kile kinachofuata.

Hayo ndiyo mambo ya shamba. Sasa tufungue somo letu, Mambo ya Walawi sura ya 14. Wakristo wengi huiruka sura hii, kwa sababu yahusu ukoma na nyumba zenye pigo ukutani. Tuitazame kwa makini.

Mungu anawaambia watu wake habari ya siku watakapokaa katika nyumba zao huko Kanaani. Mtu akiona alama ya pigo ukutani mwake, ni mwenye nyumba mwenyewe anayepaswa kwenda kwa kuhani na kusema. Hangoji majirani wanong'one, wala hapaki chokaa juu ya doa ili auze nyumba upesi. Aliyeliona ndiye anayelisema.

Tena angalieni jambo la pili. Kabla kuhani hajaingia kukagua, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Mnaona huruma hiyo? Sheria ilimfikiria yule mtu maskini, na chungu chake, na mkeka wake. Hakuadhibiwa kwa kusema kweli. Alifunguliwa njia ya kuokoa kilichoweza kuokolewa. Baadaye nyumba hufungwa siku saba. Mawe yenye pigo hung'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zikakwanguliwa, na mawe mengine yakawekwa mahali pake. Ni pigo likirudi tu ndipo nyumba hubomolewa.

Sasa turudi kwetu. Natuseme kuna mama mmoja mwenye nusu ekari. Ameona mashina kumi yamenyauka. Ana magunia sita ya viazi, na mwezi ujao mtoto anarudi shule. Jirani anakuja na kumwambia, "Dada yangu, viazi vyako ni vizuri. Niuzie debe mbili za mbegu." Mama huyu afanye nini? Akisema kweli, anaogopa kwamba habari itafika sokoni na hakuna atakayenunua. Akinyamaza, atapata fedha leo, na msimu ujao shamba la jirani litanyauka, na huenda lisifae viazi kwa miaka. Ndugu zetu, hili ni jaribu kubwa, wala tusilihukumu upesi sisi tulioshiba.

Lakini kuna njia. Viazi visivyooza kutoka shamba lenye mnyauko havimdhuru mwanadamu akivipika. Basi mama huyu aweza kujibu bila aibu: "Jirani, hivi ni vya kupika, si vya kupanda. Shamba langu limeingia mnyauko. Nunua ule na watoto, na maganda uyazike." Mauzo yake hayakupotea yote, na shamba la jirani limepona.

Nanyi mnaoambiwa neno kama hilo, mlipokeeje? Ukilibeba mpaka sokoni kumcheka aliyesema, umewafundisha kumi wengine kunyamaza. Huyo aliyekuambia amekufanyia wema unaoweza kukuokoa hasara ya misimu mingi. Mshukuru, na ikiwa Mungu amekupa mbegu safi, mpe debe moja atakapokuwa tayari kupanda tena.

Neno hili latugusa hata kanisani. Katika sharika nyingi, siku ya sadaka ya mavuno, watu huleta viazi, kabichi, ndizi na kuku, na baada ya ibada huuzwa kwa mnada uani. Mtu hununua viazi vya madhabahuni kwa furaha, na vingine huenda akavipanda, akidhani vina baraka maradufu. Tungependa wazee wa kanisa waseme wazi kwenye mnada kwamba viazi hivi ni vya kupika. Sadaka tuliyomtolea Mungu isigeuke kuwa pigo katika shamba la mnunuzi. Katika kitabu hicho hicho cha Walawi, sura ya 19, ndimo tunamoamriwa kumpenda jirani kama nafsi zetu. Na jirani huyo hasa ni yule ambaye maji yetu yanateremka kwake.

Yako pia mapigo ambayo hayaonekani kwa glasi ya maji. Iko chuki kati ya ndugu waliogawana shamba la baba yao. Liko deni tulilokana, na ulevi unaofichwa nyumbani. Adhuhuri moyo hulegea, jioni husimama tena, nasi twasema lilikuwa jua tu. Mtoto hukua katika nyumba hiyo, naye huchukua mbegu ile mpaka nyumbani kwake, apate joto na dalili zitokee. Basi mwenye nyumba na aende mwenyewe kusema. Asingoje kusemwa.

Wala tusiogope kwenda. Kuhani Mkuu tuliye naye hamfukuzi ajaye. Mawe yenye pigo yalitupwa nje ya mji. Na Yesu, ambaye hakuwa na doa lolote, alikubali kutolewa nje ya mji na kufa huko kwa ajili yetu sisi wenye madoa. Kwa hiyo mtu anayeungama hapotezi nyumba yake. Anaanza kuijenga upya.

Wiki hii, wapendwa, piteni mashambani mwenu adhuhuri, jua linapowaka. Tazameni shina kwa shina. Na kama kuna jirani uliyempa mbegu, nawe sasa una shaka nayo, nenda kwake kabla mvua haijanyesha.

Natuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeuumba udongo mwekundu wa milima hii na kutuletea mvua kwa majira yake, tunakushukuru kwa chakula chetu. Wape ujasiri wote walioona pigo katika mashamba yao na katika nyumba zao, ili waseme kweli. Utupe sisi masikio ya huruma, tusimwaibishe anayesema. Uwakumbuke waliopoteza mavuno msimu huu, na utuonyeshe namna ya kuwasaidia. Utusafishe mioyo kama shamba linavyosafishwa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.