Mgodi Hupangwa Kabla ya Kuchimbwa

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Mingoyo, Lindi)



Watu wa Mingoyo hawana haja ya kusafiri mbali ili kuijua hasara ya kazi kubwa iliyoanzwa bila kupimwa. Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ndipo ilipoanzia reli iliyojengwa na serikali ya kikoloni kwenda Nachingwea, ibebe karanga za mpango ulioanza mwaka 1947. Misitu ilifyekwa, matrekta yakaletwa na reli ikalazwa, ilhali udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliopanga hawakukosa fedha wala mashine. Walikosa elimu ya ardhi waliyoiingilia.

Somo hilo limerudi kwa jina jingine, nalo ni madini. Ruangwa kuna kinywe, Nachingwea kuna nikeli, Kilwa kuna jasi. Kwa hiyo swali la leo si kama mali ipo. Swali ni nani atakayeamua ichimbwe wapi, kwa kina gani, kwa kasi gani, na shimo liachwe katika hali gani.

Historia ya Lindi inaonyesha uzito wa swali hilo. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa ya wanyama wa kale katika kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 wenyeji kwa mamia waliifukua, chini ya msimamizi wao hodari Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 hadi bandari ya Lindi. Mifupa hiyo ikaenda Berlin, na vitabu na vyeo vya kitaaluma vikapatikana huko huko. Jasho lilitoka hapa, ujuzi ukahesabiwa kuwa wa wengine. Kadhalika almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya jiolojia. Elimu ya juu ilimwezesha kuutafuta mwamba ambao wengine waliupita.

Je, anayesomea shahada ya pili katika upangaji na usanifu wa migodi anajifunza nini zaidi ya aliyemaliza ya kwanza? Kwanza, hujifunza kukadiria kisichoonekana. Mashimo machache ya utafiti hutoboa mwamba mkubwa, naye hana budi kusema kati ya shimo na shimo kuna mbale kiasi gani. Njia inayotumika duniani kote kwa kazi hiyo ilitokana na tasnifu ya shahada ya pili aliyoiandika D. G. Krige katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 1951. Yaani kazi ya mwanafunzi mmoja, iliyofanyiwa katika bara hili, ilibadili hesabu za migodi ulimwenguni.

Pili, hujifunza kuchora umbo la shimo. Walimu wa hisabati waupeleke mfano huu darasani. Mgodi wa wazi una kina cha mita 100. Ukuta wake ukiwa na mwinamo wa nyuzi 45, ukingo wa juu hurudi nyuma mita 100. Ukiwa na nyuzi 55, hurudi mita 70 tu. Kwa ukuta wenye urefu wa kilomita moja, tofauti hiyo ni mita za ujazo milioni moja na nusu za mawe taka, ambayo lazima yalipuliwe, yapakiwe na kubebwa. Lakini ukuta uliosimama mno huporomoka na kuua watu. Kati ya hasara ya fedha na hasara ya roho umo mstari mmoja, na anayeuchora apaswa kuujua mwamba, maji na nyufa zake.

Tatu, hujifunza kupanga maji, hewa na njia za kutokea. Mererani, mwaka 1998, mafuriko yaliwaua wachimbaji wengi ndani ya mashimo ya tanzanaiti. Mchimbaji mdogo mwenye duara na matimba anamhitaji mtaalamu huyu kuliko hata kampuni kubwa, kwa kuwa kampuni inaweza kumwajiri na yeye hawezi.

Wapo wasemao kwamba ni anasa kumsomesha mtu mmoja miaka miwili zaidi ilhali shule zina upungufu wa madawati. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, lakini yafaa ipimwe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16, bila malipo, katika kampuni zenye leseni za uchimbaji wa kati na mkubwa. Mwenye hisa asiyeweza kuusoma mpango wa mgodi hupokea anachoambiwa. Hatajua kama mbale tajiri inachukuliwa mapema na iliyo hafifu kufukiwa isichimbike tena. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mgodi ni mpango wake. Fedha inayopotea hapo ndiyo ingenunua madawati.

Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha uhandisi wa migodi. Kazi ya walimu wa Lindi ni kuwafikisha huko vijana, wa kike kwa wa kiume, wasioiogopa hisabati na fizikia. Kazi ya wakuu wa idara ni kutoa ruhusa ya masomo bila kinyongo, na mhitimu arudipo apewe ramani na vipimo, asiachwe kupanga majalada. Na wahitimu nao wachague tasnifu zinazohusu kinywe cha Ruangwa na jasi ya Kilwa, ili siku shimo jingine litakapofunguliwa mkoani, mchoro wake uwe umepitiwa na jicho la mwenyeji kabla ya baruti ya kwanza kulipuka.