Tupime Maji Kwanza

Ndugu zetu wa Mpanda na Katavi yote, tuliopo mjini tukipiga simu nyumbani tunauliza: maji mnachemsha? Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutegemewi kuondoa dawa za tumbaku na pamba zinazosombwa na mvua hadi visimani na Mto Katuma.

Ipo njia ya umeme. Vipande viwili vinavyopitisha umeme huzamishwa majini, mkondo ukipita dawa huvunjwavunjwa. Mkaa maalumu wa kuchujia hunasa tu, na ukijaa unabadilishwa. Ila sisi wahasibu tunauliza bei: vipande bora hupakwa almasi ya kutengenezwa, umeme nao unalipiwa kila siku. Na kazi ikiishia nusu, mabaki ya dawa yanaweza kuwa sumu pia.

Kwa hiyo leo hatuchangii mtambo. Tunachangia kupeleka sampuli za visima vyetu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwaka juzi tulichimba kisima kando ya shamba la pamba bila kupima. Kosa ni letu, risiti tunazo, na watoto wanakunywa pale. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina.