Nchi Jirani: Ambalavao, Mji wa Mvinyo na wa Mkataba

Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji, katika kisiwa cha Madagaska ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, upo mji mdogo uitwao Ambalavao. Mji huo umekaa katika nyanda za juu, kiasi cha kilomita 56 kusini ya Fianarantsoa. Wageni huusifu kwa mambo matatu: mvinyo wake, karatasi yake na gulio lake la ng'ombe. Lakini kwa askari wa Afrika Mashariki liko jambo la nne, nalo halitajwi sana. Ni katika mji huo mkataba wa kukomesha vita vya mwaka 1942 ulipotiwa sahihi.

Wenyeji wa nyanda hizo ni Wabetsileo, mabingwa wa kilimo cha mpunga, ambao wameichonga miteremko yao matuta mfano wa ngazi. Mizabibu ililetwa na wageni wa Kizungu, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Uswisi wakasaidia kuistawisha. Karatasi nayo ina asili ya mbali zaidi. Waantaimoro wa pwani ya mashariki waliitengeneza kwa magamba ya mti, wakaandikia lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyofanya. Katika miaka ya 1930 mlowezi mmoja Mfaransa aliifufua kazi hiyo mjini Ambalavao, na hadi leo akina mama hutandaza maua mabichi juu ya karatasi hiyo na kuwauzia watalii.

Tuje sasa kwenye vita. Mei 5, 1942 majeshi ya Uingereza yaliteremka Diego Suarez, kaskazini ya kisiwa, kwa kuhofia kwamba Wajapani wangeitumia bandari hiyo kuzikata njia za meli za Bahari ya Hindi. Watawala wa Kifaransa kisiwani walikuwa watiifu kwa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler. Mwezi Septemba iliingia vitani Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya K.A.R. kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Vijana hao walipita Majunga, wakaingia Tananarive Septemba 23, kisha wakasonga kusini mji baada ya mji, huku Wafaransa wakivunja madaraja na kuziba barabara kwa magogo na kuta za mawe. Novemba 6, miezi 6 baada ya shambulio la kwanza, silaha zikawekwa chini kwa mkataba wa Ambalavao.

Je, mwananchi wa Madagaska alipata nini? Waingereza walikikabidhi kisiwa kwa Wafaransa wa Jenerali de Gaulle, na ukoloni ukaendelea. Machi 29, 1947 wananchi waliamka kuudai uhuru wao, wengi wakiwa na mikuki na mapanga tu. Uasi huo ulizimwa kwa ukatili, na makumi ya maelfu ya watu walipoteza maisha. Miongoni mwa walioletwa kuuzima walikuwamo askari Waafrika kutoka makoloni mengine ya Ufaransa. Mwafrika alipewa bunduki ampige ndugu yake, kwa faida ya bwana wa wote wawili. Uhuru ulipatikana Juni 26, 1960.

Leo mlinzi wa Madagaska ni mwana wa nchi hiyo, na mtihani wake ni wa namna nyingine. Katika gulio la Ambalavao ng'ombe wenye nundu huletwa kwa miguu kutoka mbali, na kila mnyama sharti awe na hati yake. Wamalagasi humwita ng'ombe "omby", neno ambalo wataalamu husema lina asili ya Kibantu. Ng'ombe ni heshima ya ukoo, ni nguvu ya shamba, ni sadaka ya msiba. Ndiyo maana wezi wa mifugo, waitwao dahalo, ni adui mkubwa wa vijiji. Mwaka 1990 na kitu wizi huo ulikuwa tayari kero ya zamani. Mwaka 2012, baada ya askari kadhaa kuuawa, serikali ilipeleka jeshi kusini katika operesheni iliyoitwa Tandroka, yaani Pembe. Punde mashirika ya haki za binadamu yakalalamika kwamba vijiji vilichomwa moto na raia kuuawa.

Mwaka huo huo wa 2012, wanavijiji wa Anja, karibu na Ambalavao, walipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Hao waliulinda wenyewe msitu wao mdogo na lemuri wake wenye mikia ya miraba, na viingilio vya watalii wakavitumia kwa maendeleo yao. Mali ililindwa kwa sababu kila mtu aliijua kuwa ni yake.

Fundisho la Ambalavao li wazi kwa kila avaaye sare. Mwizi hufichwa na watu wanaomwogopa askari, na hufichuliwa na watu wanaomwamini. Kijiji kilichochomwa hakimpi askari habari yoyote tena. Bunduki ya mkoloni haikuuliza raia ni nani. Bunduki ya nchi huru haina budi kuuliza kwanza.