Bakteria wa Udongoni na Kiwavi wa Kabichi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua



Swali hili hutufikia kutoka pande mbili. Mwenye tuta la kabichi nyuma ya nyumba hutuuliza iwapo ile dawa iitwayo "ya bakteria" inaua wadudu kweli; naye anayenunua kabichi hiyo sokoni hutuuliza iwapo mboga iliyopulizwa bakteria yafaa kuliwa. Tutawajibu wote wawili, kwa kuwa majibu yao yanatoka mahali pamoja: ndani ya utumbo wa kiwavi.

Bakteria huyu huitwa Bacillus thuringiensis, na kwenye vifungashio jina hilo hufupishwa kuwa Bt. Hakutengenezwa na mtu. Makazi yake ni udongoni. Mwaka 1901 mtaalamu wa Japani, Shigetane Ishiwata, alimkuta katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa kwa ugonjwa. Mwaka 1911 Ernst Berliner alimpata tena nchini Ujerumani katika viwavi wa nondo wa unga, na jimbo la Thüringen ndilo lililompa jina. Ufaransa ilianza kumuuza kama kiuatilifu mwaka 1938. Si jambo la jana, basi.

Bakteria huyu hujenga ndani yake fuwele ndogo ya protini. Kiwavi anapotafuna jani lililopulizwa, fuwele humezwa, na alikali iliyo katika utumbo wake huiyeyusha. Protini hiyo hushika kuta za utumbo na kuzitoboa. Kiwavi huacha kula baada ya saa chache, kisha hufa katika siku mbili tatu zinazofuata. Tumbo la binadamu lina asidi, wala utumbo wetu hauna mahali pa kushikwa na protini hiyo. Ndiyo maana mboga iliyopulizwa Bt halisi, ikaoshwa vizuri kama mboga nyingine yoyote, huliwa bila hofu.

Tumesema Bt halisi, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Kwa kuwa kiuatilifu hiki hufanya kazi tumboni, hakiwezi kuua kwa kugusa. Hakiangushi mdudu papo hapo. Hakiui vidukari, inzi weupe wala utitiri, ambao hufyonza utomvu na hawatafuni jani. Ukiuziwa unga wa "bakteria", ukaupuliza asubuhi, na ilipofika adhuhuri kila mdudu amelala chini, akiwamo nyuki aliyepita njia, usifurahi. Una kila sababu ya kushuku kwamba ndani yake mna sumu nyingine isiyotajwa kwenye lebo, na sumu hiyo yaweza kuhitaji siku nyingi kabla ya mboga kuvunwa. Mkulima anayedhani amepuliza bakteria huvuna mapema. Anayekula hajui kitu.

Kosa la upande wa pili hutokana na haraka. Mtu hupuliza Bt halisi, kesho yake akakuta viwavi wangali juu ya jani, akadhani ametapeliwa, kisha akamiminia sumu kali juu yake. Kumbe viwavi hao walikwisha acha kula. Tazama matundu mapya na kinyesi kipya. Visipoonekana, dawa imefanya kazi.

Pulizeni jioni, maana mwanga wa jua huiharibu protini hiyo katika siku chache. Fikisheni dawa upande wa chini wa majani, ambako viwavi wa nondo wa kabichi hujificha. Kwa mahindi yenye viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016, dawa ielekezwe ndani ya kikonyo cha majani. Kwa kantangaze wa nyanya, iwahi kabla kiwavi hajajichimbia ndani ya jani au tunda. Kiwavi mchanga hufa upesi, aliyekomaa husumbua. Wala msiitumie dawa hii peke yake msimu baada ya msimu: huko Hawaii, nondo wa kabichi aliripotiwa kuwa sugu mwaka 1990 katika mashamba yaliyopulizwa mara kwa mara. (Wafugaji wa viwavi wa hariri wakae nayo mbali kabisa. Ishiwata aliona kwa nini.)

Yuko pia ndugu wa bakteria huyu, aitwaye israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976, ambaye huua viluwiluwi wa mbu majini. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, huzalisha dawa ya namna hiyo. Haifai kwa viwavi wa kabichi, wala ya kabichi haifai kwa mbu, ingawa herufi Bt huonekana kwenye vifungashio vyote viwili. Someni neno linalofuata herufi hizo. La viwavi huwa kurstaki au aizawai.

Asili yake ya udongoni isiwafanye mzembee. Unga huu huwasha macho na ngozi, na haufai kuvutwa puani. Vaeni glavu na barakoa, funikeni macho, na uhifadhini pakavu, mbali na joto, jikoni na watoto.

Dukani, kataeni unga uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni, hata muuzaji akiwa jirani. Kifungashio kiwe kimefungwa kiwandani, kioneshe namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, aina ya bakteria na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Daini risiti. Mkiona dalili tulizozitaja, acheni kupuliza, msivune mboga hizo, wala msikitupe kilichobaki: kileteni kwetu au kwa ofisa ugani kikiwa ndani ya kifungashio chake, pamoja na risiti hiyo.