Tuwaache Watoto Waote Ndoto



Katika hosteli zetu tumezoea kuwaamsha watoto saa 10 usiku wajisomee. Tulidhani tunawasaidia.

Mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza vipindi vya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Hapo ndipo ndoto nyingi huja, na vipindi hivyo hurefuka kuelekea alfajiri. Wataalamu wengi wanaona kuwa usingizi huo huisaidia akili kutunza yale iliyojifunza na kupunguza makali ya huzuni.

Mtoto aliyefiwa na wazazi anauhitaji kuliko sisi, nasi tunamkatiza. Tunaomba kila kamati ijadili: kengele isogezwe hadi saa 12 asubuhi.