NGOZI YA MTOTO NA HAKI YAKE YA KUSEMA
Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Upanga



Pengine mmeshangaa kuona Tume ya Haki na Amani ikizungumzia ngozi. Mmezoea kutusikia tukinena juu ya ardhi, mishahara na kura. Lakini mtoto anayekosa nafasi ya kusema amepungukiwa haki, na kwa baadhi ya watoto wetu kizuizi kimojawapo kimo katika ngozi ya midomo yao.

Nawazungumzia watoto wenye hali ya Down. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, akina Jérôme Lejeune na Marthe Gautier, walitangaza kwamba watoto hao wana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Si laana, si mizimu, wala si kosa la mama. Misuli yao ni legevu, pamoja na ile ya midomo na ulimi. Kinywa hubaki wazi, na mate hayamezwi mara kwa mara, hivyo udenda hushuka kidevuni. Ngozi yao, ambayo mara nyingi ni kavu, huloa na kukauka, huloa na kukauka, hata pembe za mdomo zikachanika. Fangasi huingia hapo.

Mfikirieni basi mama aliyepanda daladala mbili kumpeleka mtoto kwenye tiba ya usemi. Mtaalamu anamtaka mtoto afumbe midomo, anyonye kwa mrija, atamke "ma" na "ba". Sauti hizo hazitoki midomo isipogusana, na midomo yenye vidonda haigusani bila maumivu. Mtoto hugeuza uso, akahesabiwa mkaidi au asiyefundishika. Hiyo ni dhuluma: amehukumiwa kwa kilio ambacho hakuna aliyeuliza sababu yake.

Matunzo yenyewe si ghali. Udenda ukaushwe kwa kitambaa laini kwa kugandamiza polepole, si kwa kusugua. Mafuta ya mgando yapakwe kidevuni na pembeni mwa mdomo kabla ya chakula na kabla ya mazoezi. Kitambaa cha kifuani kikilowa kibadilishwe. Mtaalamu naye anawe mikono na kuitazama midomo kabla ya kuigusa. Kidonda kisichopona kipelekwe kliniki, si Kariakoo. Baadhi ya krimu zinazouzwa kiholela zina steroidi kali: wekundu hupungua siku chache, kisha ngozi huwa nyembamba na fangasi hustawi.

Tena, ukavu uliozidi waweza kuwa dalili ya tezi ya thairoidi iliyolegea, jambo linalowapata watoto hao kuliko wengine, nalo hudumaza ukuaji na usemi. Kipimo cha damu huonyesha. Ombeni kipimo hicho, na cha masikio pia.

Kanisani mtoto wa namna hii hupishwa benchi zima, si kwa heshima bali kwa kuogopa udenda. Hali ya Down haiambukizi. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana alitumia mate kuugusa ulimi wa mtu asiyeweza kusema vizuri.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawahusu watoto hawa. Kila kiongozi aulize katika jumuiya yake ni nyumba ipi yenye mtoto anayefichwa, na nani atamsindikiza mama kliniki. Tuleteeni majibu kabla ya tarehe 21 Machi, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu 2012 kwa ajili ya watu hawa.