Hekima Huombwa, Kisha Hutendwa



Fedha za chama chetu ni chache, nazo zaitwa na wawili: mjane anayetaka kumrudisha marehemu mumewe kutoka Kitale hadi Bungoma akazikwe, na mtoto anayengoja karo. Tumsaidie nani kwanza? Hapo akili zetu peke yake hazitoshi.

Mtume Yakobo, katika sura ya 1 ya Waraka wake, awahimiza wenye upungufu wa hekima wamwendee Mungu. Mfalme Sulemani naye aliiomba kule Gibeoni. Lakini tuangalie: wanawake wawili walipomjia wakigombania mtoto, aliwasikiliza wote wawili, ndipo akaamua. Basi maombi hayatuondolei kazi ya kusikiliza, hututayarishia masikio.

Ndugu zetu wa Kanisa la Marafiki, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902 na baadaye ikafika Lugulu, wana desturi njema. Katika mabaraza yao hawaamui kwa kura. Hunyamaza mbele za Mungu, husemezana, na karani huandika neno ambalo mkutano umeliafiki. Wasipopatana, hungoja.

Nasi twasihi vivyo hivyo: kabla ya kufungua sanduku, tunyamaze, kisha mjane na mzazi wa mtoto wasikilizwe, na daftari la hesabu lisomwe waziwazi. Aombaye hekima huku ameficha daftari aomba bure.

Mungu aibariki kazi ya mikono yetu.